Ngazi Isiyolia

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe, shemeji, Redio na Mzee. Mimi mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto ambacho nyundo ilikikosea adabu wiki iliyopita. Kucha imekuwa nyeusi lakini kazi inakwenda. Mwambie Redio wimbo wake kuhusu paka wenu nimeubandika ukutani, na wenzangu wote wanaujua. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Napiga, Dada, lakini simu ikishashikwa na huyo mwanao inageuka tamasha, na betri inakwisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mchezo wetu mkubwa unaanza mwishoni mwa Aprili. Ni mchezo wa muziki, ule ambao watu badala ya kuongea wanaimba, wengine nyuma yao wanacheza, na kwenye shimo mbele ya jukwaa kuna bendi nzima yenye matarumbeta. Kisa chake ni hoteli ya kifahari ambayo wapishi na wahudumu wake wanagoma. Sisi wafanyakazi tumepewa tiketi za jamaa zetu kwa onyesho la mchana, Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nimeomba zenu nne. Nataka mje wote, na nikisema wote unajua namtaja nani.

Ndani ya hoteli hiyo kuna ngazi. Sikusaidia kuitengeneza, nimeitengeneza mimi. Kuta za hoteli ni kitambaa, marumaru ni rangi, na mlango mkubwa wa mbele ukiufungua unakutana na mafagio ya mfagiaji. Lakini ngazi lazima iwe ngazi kweli, kwa sababu kundi zima la waimbaji linaiteremka mbio huku linaimba. Halafu mwishoni bendi inanyamaza, na mhudumu mmoja anashuka peke yake polepole, ukumbi wote kimya. Kidato kimoja kikilia hapo, watu watacheka na mchezo utakuwa umeharibika.

Siku naondoka Mzee aliniambia nakwenda kuwa seremala wa uongo. Tangu siku hiyo anaongea nami kupitia kwako. Nataka aione hiyo ngazi, Dada. Akishaiona aseme lolote, hata akiitukana nitaridhika.

Mdogo wako,
Msumari


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na kidole. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anaendesha lori lake na bado analalamika kuhusu lori lake. Mimi nimehamishiwa zamu ya alfajiri pale kiwanda cha mikate, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala ujue mwenye mwandiko naye alikuwa anasinzia. Redio ameng'oka meno ya mbele, na sasa akiimba ni filimbi tupu.

Barua yako ilisomwa mezani baada ya chakula. Redio ndiye aliyesoma, Mzee alitaka hivyo. Anasema miwani yake ilikaliwa na mtu. Shemeji yako ana swali: hao wahudumu wakigoma, wanagoma kwa kuimba? Na mwenye hoteli anakaa kuwasikiliza hadi ubeti wa mwisho? Nimemwambia asije akatutia aibu huko mjini.

Mzee alisikiliza yote. Redio alipofika kwenye "seremala wa uongo" aliinua macho akanitazama, nikamwashiria aendelee. Mwisho Mzee aliuliza kitu kimoja tu: "Kaitengeneza kwa mbao gani?" Nikamwambia hukuandika. Akasema, "Basi hajui kuandika barua," akaenda kulala.

Sijui kama atakuja, na usinisukume. Siku hizi karakana anafungua akijisikia. Kazi kubwa anawapa wengine, yeye anatengeneza vigoda. Ni uzee tu.

Kuhusu viti, tutafutie mbele, karibu kabisa na jukwaa. Usiniulize kwa nini.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Hapa kazi imetupanda kichwani. Tunakula tumesimama, na fundi wa rangi ametukasirikia sote kwa sababu tulikanyaga marumaru yake ikiwa mbichi. Kucha nyeusi imetoka. Mwambie Redio sasa tumelingana, yeye meno, mimi kucha.

Mjibu Mzee hivi: mihimili ni mbao ngumu, vidato ni plaiwudi nene. Najua atakohoa akisikia plaiwudi, na akohoe. Jinsi nilivyoiunga siandiki. Nataka ajionee kwa macho yake.

Lakini, Dada, vigoda? Mzee wetu? Mtu aliyejenga nusu ya ngazi za mtaa ule? Unakumbuka alivyokuwa akitubeba wote wawili kila anapokwenda kumkabidhi mteja ngazi, anatuambia tukimbie juu na chini mpaka magoti yanalegea? Wewe ulikuwa unadanganya umechoka ili upewe maji ya matunda na mwenye nyumba. Niambie kama kuna linalomsumbua. Na miwani nitumie vipimo, nimtengenezee mingine huku.

Viti nimepata, na siyo mbele. Ni ghorofani, katikati, safu ya kwanza. Kutoka pale unaiona hoteli yote na ngazi yote, hata mkurugenzi huwaweka wageni wake hapo. Mbele kabisa unaona viatu vya wachezaji na kipara cha mpiga ngoma. Najua ni Mzee anayetaka mbele. Anataka kukaa karibu ili atafute kasoro vizuri. Mwambie asiwe na wasiwasi. Mchezo ukiisha nitawapandisha jukwaani, aipapase ngazi kidato kwa kidato na kukosoa anavyotaka.

Msumari


26 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na safari za hospitali na Mzee, ni mambo ya umri tu, yamekwisha. Halafu Redio akaugua koo, nyumba ikawa kimya, na niseme ukweli tulimkosa. Sasa amepona na majirani wameshajua.

Mzee alisikia plaiwudi akakohoa, kama ulivyosema. Kwa siku nzima alikuwa akinyamaza halafu ghafla anasema, "Plaiwudi!" Shemeji yako akadhani anaitwa.

Lakini atakuja. Alisema jana akiwa amekaa karakana, anazipapasa patasi zake moja moja kabla ya kuzifunga kwenye kitambaa. "Mwambie nitakuja," akasema, na hakuongeza. Nilifurahi nikaunguza chakula.

Sasa nisikilize vizuri. Viti viwe mbele. Ghorofani hapana, kuna kupanda na kushuka gizani, na yeye hataki. Jukwaani pia hatapanda. Asante kwa kutualika, lakini hapana. Na usije kutupokea kituoni, shemeji yako atatuleta mwenyewe hadi mlangoni. Tutaonana mchezo ukiisha, pale mapokezi.

Miwani usihangaike nayo.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Shikamoo. Poleni na kuugua. Mchezo umeanza na ukumbi unajaa kila siku. Yule mwimbaji anayeshuka ngazi mwishoni alinishika mkono siku ya kwanza, akaniambia hajawahi kushuka ngazi ya jukwaani bila kufikiria miguu yake, ila hii. Nilimwambia asante nikaenda kujificha nyuma ya pazia kama mtoto.

Viti nimebadilisha. Mama wa tiketi amenuna, hajanisalimia tangu juzi, kwa sababu alimnyima mtu mwingine vile vya ghorofani kwa ajili yangu. Mmepata safu ya pili, karibu na mpiga ngoma na kipara chake.

Nimefanya yote uliyosema, lakini acha nami niseme. Mtu anasafiri nusu siku, anafika hatua chache kutoka kwenye kazi ya mwanawe, halafu anakataa kuipanda? Hata kuigusa? Na kituoni nisije? Kama anaona aibu kuonekana na mimi aseme mwenyewe, asikutume wewe. Nimechoka kusomewa majibu ya baba yangu kwa mwandiko wa dada yangu.

Msumari


15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Barua yako nimeisoma peke yangu jikoni, sikumpa Redio.

Mzee hakuonei aibu. Usiliandike tena hilo neno. Kuna mambo nimekatazwa kuyaandika, na unajua tulivyolelewa. Nimekasirika nawe na nimekuonea huruma hapohapo, na unga umemwagika kwenye karatasi, ndiyo maana unaona hizo alama.

Tutakuja. Redio ameshonewa gauni, shemeji yako amenyoa, na Mzee ametoa lile koti la harusi yangu. Tutazame mchezo kwanza.

Dada yako


3 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na Redio hakuwaimbia abiria wote njia nzima.

Niliwaona. Nilikuwa pembeni mwa jukwaa nyuma ya pazia, mahali pangu pa kazi, na kutoka pale safu ya pili naiona kama naona meza yangu. Nilimwona Redio akisimama kila watu wakicheza, na wewe ukimvuta gauni akae. Nilimwona shemeji, mwenye maswali yake, akitoa leso wapishi walipofukuzwa kazi na kulia mpaka jirani yake akampa nyingine. Nilicheka peke yangu.

Na nilimwona Mzee. Alikuwa amelala, Dada. Macho kafumba, kichwa kakiinamisha upande mmoja, mkono wake juu ya mkono wako, kuanzia wimbo wa kwanza. Waimbaji wakateremka mbio ngazi yangu, matarumbeta yanapasua paa, yeye kafumba. Nikasema labda safari imemchosha, ataamka. Ikafika pale mwisho, mhudumu anashuka peke yake, kimya kile nilichokifanyia kazi miezi mitatu. Nilitazama safu ya pili badala ya kutazama jukwaa. Bado kafumba.

Kisha pale mapokezi, katikati ya watu, akanishika mkono akasema, "Umekonda." Akaongeza, "Wanaimba sana wale." Basi. Hakunitazama hata usoni, alikuwa anatazama bega langu. Mkaondoka kuwahi basi.

Sasa nikupe habari. Mchezo unahama katikati ya Julai. Tunaibomoa hoteli, tunaipakia kwenye makontena, tunakwenda nayo nchi za mbali kwa mwaka mzima, pengine zaidi. Wamenitaka niende kama fundi mkuu, na nimeshatia saini. Sitapita nyumbani kuaga. Mwambie Mzee seremala wa uongo amesafiri, na samahani kwa kumkatisha usingizi.

Msumari


14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tulifika salama, na ndiyo, aliwaimbia njia nzima, dereva akawa anaitikia. Shemeji yako hataki kuzungumzia leso.

Barua yako nilimsomea Mzee mwenyewe, neno kwa neno, maana nilikuwa nimekasirika na nilitaka asikie kilichotokana na ukaidi wake. Nilipofika "alikuwa amelala" akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamletea maji. Halafu akasema, "Basi mwandikie. Mwambie yote."

Mzee haoni, mdogo wangu. Mwanga anauona, dirisha analijua liko wapi, mtu akimpita karibu anaona kivuli. Zaidi ya hapo hakuna. Daktari anaita presha ya macho na anasema kilichopotea hakirudi. Ilianza mwaka juzi. Miwani haikukaliwa na mtu. Vigoda anavitengeneza kwa kupapasa. Nilitaka viti vya mbele kwa sababu hatuwezi kumpandisha ghorofani gizani, na nilikukatalia jukwaa kwa sababu angejikwaa kwenye nyaya zenu mbele yako ukajua. Pale mapokezi alitazama bega lako kwa sababu alidhani ndipo uso ulipo.

Nilimwuliza mara nyingi kwa nini nisikuandikie. Jibu lake lilikuwa hilohilo. "Akijua atarudi. Nilimtaka arudi kwa ajili ya kazi. Sitaki arudi kwa ajili ya macho yangu."

Lakini sasa nikuulize wewe. Tulipokuwa tukikimbia juu na chini kwenye ngazi za wateja, Mzee alikuwa wapi? Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, kichwa upande, macho kafumba. Siku hizo alikuwa anaona mpaka tundu la sindano. Alifumba ili asikie vizuri. Watu wote wa ukumbi ule wangeweza kusema alilala, lakini siyo wewe.

Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, uliona sawasawa. Kila waimbaji walipoishuka ngazi alikuwa akinibana. Redio akitaka kumweleza kinachoendelea anamwambia shhh. Ilipofika pale mwisho pakawa kimya, nilimsikia ameacha kuvuta pumzi. Nikahesabu vidato pamoja na yule mhudumu, naomba Mungu chochote kisilie. Alipofika chini Mzee akauachia mkono wangu, akapangusa uso kwa kiganja. Nami nililia, na siyo kwa sababu ya wahudumu.

Kwenye basi ndipo aliposema. "Hakutumia misumari. Kakaza kwa kabari za mbao, na kabari kazipaka nta." Nikamwuliza umejuaje. Akasema, "Nani unadhani alimfundisha?" Akatabasamu hadi tukafika.

Nikamwambia mbona hukumwambia pale mlangoni. Akasema angefungua mdomo angelia mbele za watu, akajitia kuzungumzia kukonda kwako.

Yafuatayo ni maneno yake, nimeandika anavyosema, amekaa hapa mbele yangu.

Andika kwamba plaiwudi ni plaiwudi, lakini kazi ni kazi. Andika kwamba ile ya seremala wa uongo naifuta. Andika kwamba kidato cha pili kutoka juu, upande wa ukutani, kinapumua. Hakilii, kinapumua. Yule mwimbaji mzito akikikanyaga ndipo unakisikia. Mdogo wako akikiacha hivyo, huko mbali kitakuja kulia siku mbaya. Akitazame kabla hajakipakia. Andika kwamba asafiri. Asije akavunja saini yake kwa ajili yangu, nitakasirika kweli safari hii. Basi. Weka na salamu.

Dada yako


22 Juni

Redio mpenzi, hii msomee Babu. Soma polepole na usiimbe. Mama akusaidie penye mwandiko mbaya.

Baba,

Shikamoo. Pole na macho. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, nikaona niiache ilivyo. Niliwakasirikia wewe na Dada siku nzima, halafu hasira ikaisha nikabaki nalia nyuma ya ukuta wa kitambaa, mpaka mfagiaji akaja kuuliza kama nimejigonga tena kidole.

Nilikwenda kukitazama kidato cha pili kutoka juu. Nilikikanyaga, sikusikia kitu. Nikaruka juu yake, kimya. Nikasema Mzee safari hii amekosea. Halafu nikamwita mwenzangu, yule mnene, nikazima feni, nikalala chini ya ngazi nikafumba macho, nikamwambia apande. Kinapumua, Baba. Upande wa ukutani. Kabari ilikuwa imerudi nyuma kidogo sana, hata karatasi isingepita. Nimekaa karibu na ngazi hii tangu Aprili, na wewe uliisikia kutoka safu ya pili, na matarumbeta yanalia.

Nimetoa kabari ya zamani, nimechonga nyingine, nimeipaka nta. Nadhani kimetulia. Lakini sasa siyaamini masikio yangu.

Nitasafiri, sitavunja saini. Ila Jumatatu jumba halina onyesho, na msimamizi ameniruhusu kulitumia asubuhi. Jumapili nakuja nyumbani kukuchukua. Nitakushika mkono kutoka mlangoni kwako mpaka ukumbini, na nyaya zote nitakuwa nimeshaziondoa njiani. Hakutakuwa na bendi wala waimbaji. Nitapanda na kushuka mimi, mpaka useme basi.

Viti vya hapa vyote ni laini, lakini ndoo nimekuwekea.

Mwanao,
Msumari